Diski Tuliyoiita Mbovu

Wifi yangu alirudi kwenye mashine yake siku ya tano baada ya kumzika kaka yake, na kaka yake huyo ndiye aliyekuwa mume wangu. Watu walisema. Jirani wa nyumba ya mbele alikuja mpaka mlangoni akaniambia, "Mwenzio yule ana moyo wa jiwe." Nikamwambia, "Basi mwachie jiwe lake, ana beji mia nne za kumaliza." Sikusema hivyo kwa kumtetea. Nilikuwa nimekaa pale nachambua maharage na sikuwa nasikia chochote, si uchungu wala hasira. Mdomo ulijibu wenyewe.

Naandika habari zake kwa sababu wanaomjua wanajua beji tu. Mtaani wanamwita Bibi Beji, na mtoto akichana sweta la shule mama yake anamwambia, "Nenda kwa Bibi Beji." Nani aliyewahi kuuliza beji zinatokea wapi?

Alikuwa kitinda mimba katika watoto watano. Alisoma mpaka darasa la tano, mimi nilimaliza la saba, na tukigombana hilo huwa nalitoa mapema. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia kiwanda cha sare. Siku hizo walidarizi kwa mkono, wanawake ishirini na nne kwenye meza mbili ndefu. Halafu ikaja mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta, wanawake ishirini wakaambiwa asante, wanne wakabaki. Yeye akabaki kwa kazi ya kukata nyuzi. Kiti chake kilikuwa chini ya mashine, kigoda kifupi cha miguu mitatu, na kazi ilikuwa kukata nyuzi zinazoning'inia upande wa nyuma wa kitambaa. Waliokaa mbele ya kompyuta ni wanaume wawili wenye vyeti. Kwa mwaka mmoja na nusu wifi yangu aliona kila beji kwa mgongo tu.

Siku moja akasema kutoka kule chini, "Huyu simba atatoka na mikia miwili." Wenye vyeti wakacheka. Simba akatoka na mikia miwili, kwenye masweta sitini. Msimamizi akamtoa chini akamkalisha kwenye kompyuta, na tangu siku hiyo hakurudi kwenye kigoda.

Kiwanda kilipofungwa na vitu kuuzwa, mume wangu alinunua ile mashine pamoja na kompyuta yake, akavileta nyumbani kwa mkokoteni. Hakuniuliza. Viliingia sebuleni kwangu, na makochi yangu yakaenda kukaa barazani yakinyeshewa. Nilinuna miezi mitatu. Wifi akaniambia, "Endelea tu kununa, mradi usikalie nyuzi." Ndivyo alivyo. Hana mume, hana mtoto, ana mashine, na chakula cha nyumba ile kwa miaka kumi na tisa kimetoka mikononi mwake zaidi ya mikononi mwa kaka yake. Namsema marehemu vizuri, lakini la kweli ni la kweli.

Sasa nieleze mashine yenyewe, maana bila hilo hutaelewa kwa nini tulihangaika. Mashine haijui kitu. Inasubiri kompyuta iiambie: choma hapa, sogea, choma hapa, badili uzi. Kila beji ina nukta zake elfu kadhaa, na nukta hizo wifi alizipanga mwenyewe, moja moja, beji moja hata wiki tatu. Zote ziko ndani ya diski ya kompyuta. Na waya unaounganisha mashine na kompyuta ni mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe; kompyuta za siku hizi hazina hata tundu la kuuingiza. Kwa hiyo ni kompyuta ile ile au basi.

Diski ikaanza kulia. Tik, tik, kraa. Mume wangu bado yu hai wakati huo, miaka miwili kabla. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wetu kwa kila kitu, hata meno ya watoto alikuwa akiyang'oa. Akaenda kwa yule muuzaji wa vifaa vya kompyuta kwenye kona, wanayemwita Kobe kwa sababu akiulizwa kitu hujibu baada ya kufikiri, akanunua diski nyingine. Ndogo hazikuwepo tena; iliyokuwepo ni kubwa, giga themanini, na ya zamani ni giga nne. Akasema, "Kubwa ni bora." Akafungua kompyuta, akaiweka, akawasha. Kompyuta ikaandika mstari wa kwanza, ikaandika wa pili, ikaanza kutafuta diski, ikaganda. Kimstari kinapepesa pale pale. Akazima, akawasha, ikaganda. Akarudisha diski ya zamani, ikawaka. Akasema, "Kobe kaniuzia mbovu."

Mimi sikungoja. Nilivaa viatu nikaenda dukani, kulikuwa na watu saba au wanane, na mbele yao wote nikamwita Kobe mwizi wa wajane na mayatima. Hata mjane sikuwa bado. Alinitazama, akafikiri, akasema, "Mama, ilete hapa tuijaribu." Nikamwambia, "Nikuletee ukaibadilishe?" Nikaondoka. Diski ikaingia kwenye droo ya vifungo, na kwa miaka miwili tukipita dukani kwake tunatazama upande wa pili wa barabara.

Basi. Mume wangu akafa, moyo, asubuhi, akiwa anafunga viatu. Siku ya tano wifi akawasha mashine. Shule ilitaka masweta mia nne yenye beji kabla ya kufungua, siku kumi na moja. Mwalimu mkuu alishamwambia wifi wazi kwamba kuna duka jipya linabandika beji za kuchapa kwa pasi, na kwamba yeye anamheshimu mama lakini wazazi hawasubiri. Shule ile ndiyo iliyobaki. Nyingine zilishaenda kwenye za kubandika. Wifi akidarizi, kazi ipo. Asipodarizi, tumebaki vikongwe wawili sebuleni na chuma.

Alimaliza beji thelathini na sita. Ya thelathini na saba diski ikalia kraa, kompyuta ikasimama. Akazima, akangoja, akawasha. Ikawaka mara ya nne.

"Inakufa," akasema.

"Ikifa?"

"Ikifa imekufa." Akachukua kanga yake. "Twende kwa Kobe."

"Nenda wewe."

"Uliyemwita mwizi ni wewe, si mimi. Vaa viatu."

Nilivaa. Huko nyuma ningekufa kwa aibu barabarani, lakini siku ile nilitembea kama mtu aliyetumwa chumvi. Kobe alikuwa nyuma ya meza, miwani juu ya paji la uso. Akasimama, akatupa pole ya msiba. Wifi akaweka mezani ile diski ya kwenye droo ya vifungo.

Nikasema, "Nilikuita mwizi mbele za watu. Nimekuja kukuuliza kama ni kweli."

Akafikiri. "Hiyo ndiyo samahani yenyewe, mama?"

"Ndiyo hiyo. Nyingine sina."

"Inatosha," akasema, akaichomeka diski kwenye kompyuta yake ya dukani. Ikaonekana papo hapo. Giga themanini, nzima, haijawahi kuandikwa kitu. Wifi akanitazama. Mimi nikatazama ukuta, kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita.

"Basi mbona kwetu inaganda?" wifi akauliza.

"Kwa sababu ya kompyuta yenu. Ni ya zamani, ilifundishwa kuhesabu mpaka giga thelathini na mbili tu. Ni kama karani aliyezoea kuhesabu watu kumi mlangoni, ukampeleka uwanja wa mpira. Hahesabu vibaya. Anasimama mdomo wazi."

"Kaka yangu hakulijua hilo?"

"Angeniletea ningemwambia."

Hapo palikuwa pa kulia, kama mtu ana machozi. Mtu amekufa akiamini ameibiwa, na hakuibiwa. Nilijisikiliza ndani nikaona pako kimya. Wifi alikuwa anakunja ncha ya kanga, anaikunjua.

Akauliza, "Dawa yake?"

Kobe akageuza diski, akatuonyesha nyuma, karibu na pale waya unapoingia. Kuna vipini vidogo vimepangwa safu mbili, na juu ya viwili kuna kikofia cha plastiki cheusi, kidogo kuliko punje ya mchele. Mafundi wanakiita jampa. Ukikihamisha kikakaa mahali fulani, diski yenyewe inajitangaza kuwa ni ya giga thelathini na mbili. Kompyuta inahesabu, inafika, inaridhika.

"Na giga nyingine zinakwenda wapi?" nikauliza.

"Hazijitaji tu."

Wifi akasema, "Kwa hiyo inapunguza umri. Kama wewe ulipoolewa na kaka yangu."

"Nilipunguza miaka miwili!"

"Minne. Cheti niliona."

Kobe akacheka mpaka miwani ikamshukia puani. Sisi hatukucheka, lakini tuliona kwamba ni kitu cha kuchekesha.

Alikuja nyumbani kesho yake saa tatu asubuhi, na mfuko wa bisibisi na flopi sita. Akafungua kompyuta. Vumbi la nyuzi lilikuwa ndani kama manyoya ya paka, rangi zote. Akatoa vumbi kwanza, kwa brashi, pole pole, mpaka mimi nikaenda kupika nikarudi. Halafu akashika diski mpya, akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake yenye mchoro wa vipini, akajaribu kuhamisha kile kikofia. Vidole vyake vinene. Kikaruka, kikaanguka sakafuni kati ya vipande vya nyuzi.

"Msitembee!" wifi akasema. Akapiga magoti, na magoti yake hayataki kazi hiyo, akakipata kwa kiganja. Akachukua kibanio chake cha kuvutia nyuzi. "Niambie pa kukiweka."

"Safu ya juu, wa pili kutoka kulia, kisimame."

Akakiweka mara moja tu. Kobe akachomeka waya bapa wenye nafasi ya diski mbili, ya zamani na mpya, akawasha. Mstari wa kwanza. Wa pili. Ikatafuta diski. Ikaganda.

Akazima. Akakisukuma kikofia kikae vizuri. Akawasha. Ikaganda. Na kila akiwasha, diski ya zamani inalia, tik, tik, kraa, na kila ikilia mimi nahesabu kama mtu anayehesabu kikohozi cha mgonjwa. Mara ya tatu Kobe akakaa chini.

"Kompyuta nyingine hazikubali hata hivyo," akasema. "Ziko hivyo. Samahani, mama."

"Usizime akili," wifi akamwambia. "Nipe hicho kitu."

Akaichukua diski, akaiweka chini ya taa ya mashine, akashika kioo chake cha kukuzia. Akatazama karatasi. Akaigeuza diski, akatazama vipini. Akaigeuza tena. Tulimsubiri kama dakika tano hivi, na mtu wa kumsubiri mtu dakika tano bila kusema ni Kobe tu.

"Nani alichora mchoro huu?" akauliza.

"Kiwandani kwao."

"Alichora ameishika kwa nyuma. Tazama. Hapa kuna pengo, kipini kimoja hakipo. Kwenye karatasi pengo liko kushoto. Kwenye vipini liko kulia. Huu ni mgongo wa beji. Kulia kwake ni kushoto kwako."

Kobe akashusha miwani. Akatazama karatasi, akatazama vipini, akafikiri.

"Miaka kumi na sita nauza vitu hivi," akasema.

"Hukuwahi kukaa chini ya mashine," wifi akasema, akakihamisha kikofia, wa pili kutoka kushoto.

Ikawashwa. Mstari wa kwanza, wa pili, ikatafuta diski, na mstari wa tatu ukatokea, na wa nne. Diski mbili, moja ya giga nne, nyingine ya giga thelathini na mbili. Kobe alipiga makofi mara moja peke yake. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, sijui kwa nini niliutoa jikoni.

"Bado," Kobe akasema. "Sasa ni kunakili. Mfumo na programu ya kudarizi kwanza, hilo silo la kuuliza. Baada ya hapo mnaniambia nini kitangulie, maana hii ya zamani sijui kama itafika mwisho."

Wifi akasema, "Beji za shule. Halafu za hospitali na timu. Halafu hoteli."

Akanigeukia.

"Na ya kaka?"

Niseme ilikuwa nini. Mume wangu alikuwa na sehemu yake humo ndani. Hakuwa anaandika barua wala siri. Alikuwa anaandika mechi. Kila mechi ya timu yake, tarehe, mabao, nani alifunga, na mwishoni neno moja: "Upuuzi", au "Sawa", au "Refa!" Miaka kumi na minne. Jumapili jioni alimfukuza dada yake kwenye kiti nusu saa, akaandika, akarudisha kiti. Wifi alikuwa ananiuliza mimi kwa sababu mimi ndiye mjane. Alikuwa tayari kuitanguliza. Nilimwona usoni.

"Beji kwanza," nikasema. "Yake mwisho."

"Una hakika?"

"Mechi zimeshachezwa."

Kobe akabonyeza. Akatuambia tusiguse meza, tusiburute kiti. Tukakaa, mimi kwenye kitanda cha wifi, anayelala hapo hapo sebuleni na mashine yake, maana hakuna pa kukaa pengine, yeye kwenye kiti chake, Kobe amechuchumaa. Majina yakawa yanapita kwenye kioo cha kompyuta. Wifi aliyasoma kwa midomo bila sauti, kama anayeitikia majina darasani. Shule ya wasichana, ile iliyofungwa. Shule ya karibu na kiwanda. Simba mwenye mkia mmoja. Mfumo ulipita, programu ikapita, beji za shule zikapita zote mia na kumi na mbili. Hospitali zikapita. Timu zikapita. Kwenye hoteli diski ikalia kraa, ikangoja, ikaendelea, ikalia tena, kisha ikatoa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia, nyembamba, kama mtu anayenoa kisu mbali. Halafu kimya.

Kobe akazima, akangoja robo saa, akawasha. Akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka ubavu, akajaribu. Akajaribu mara tano. Saa saba na nusu akasema, "Imekwisha."

Hoteli tisa hazikuvuka. Na mechi hazikuvuka, hata moja.

Nilingoja nione nitasikia nini. Nilidhani ndipo mahali penyewe. Tangu siku ya msiba nilikuwa natembea na mwili kama umekufa ganzi, nikasema labda sasa. Niliona tu kwamba kizingiti cha dirisha kina vumbi. Wifi akaja akasimama karibu nami, bega kwa bega, hakunishika. Akasema, "Mwaka ule walipofungwa sita bila aliandika ukurasa mzima."

"Nakumbuka. Alikataa kula."

"Alikula saa nne usiku, akidhani tumelala."

"Nilimsikia."

Ikawa hivyo. Kobe akatoa diski ya zamani, akafunga mpya kwa skrubu nne, akawasha peke yake ili tuone kama itasimama bila mzee wake. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikaingia mpaka kwenye programu, na kwa kasi ambayo hatukuizoea. Akazima, akawasha tena. Ikaingia. Wifi akamsogeza Kobe kwa kiwiko, akakaa, akatafuta beji ya shule, kitabu na mwenge na maneno chini yake, akaiita. Ikaja. Akaiangalia nukta kwa nukta, kitabu, mwenge, herufi. Akafunga sweta la thelathini na saba kwenye fremu.

Mashine ikaanza. Kijani, kisha njano. Kobe akala kwetu, akasahau bisibisi moja, akaenda. Kufikia saa kumi na moja kulikuwa na masweta kumi na manane juu ya kitanda. Nikawa nakata nyuzi za nyuma, nimekaa chini, maana hakuna mwingine wa kuzikata.

"Wifi," akasema bila kugeuka, "unakata karibu mno. Acha kidogo, itafumuka."

"Mimi nimemaliza la saba."

"Acha kidogo."

Nikaacha kidogo.